Chanjo ya Ng'ombe Iliyootesha Migunga

Mtu akiulizwa Serengeti kuna nini, anajibu simba. Jamani! Simba ni wa mwisho kwenye foleni ya chakula. Wa kwanza ni jani, maana ndilo linalokamata jua. Hilo mmelisoma tangu shule, silirudii.

Twende kwenye sotoka, ule ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na jamaa zake wa porini. Wanaonijua wameshaanza kucheka, lakini leo tena nitaisema. Iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu, kisha ikabaki inaua ndama wa nyumbu mwaka baada ya mwaka. Ndipo ng'ombe wa wafugaji wanaozunguka hifadhi wakachanjwa. Nimesema ng'ombe, hakuna aliyemkimbiza nyumbu na sindano. Virusi makao yake yalikuwa kwenye mifugo. Vilipokosa makao, ndama wa nyumbu wakaanza kukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni moja.

Sasa fuateni majani. Midomo yote hiyo inayala yangali mabichi, kiangazi kinakuta machache ya kukauka, na moto unakosa cha kuchoma. Na moto ndio uliokuwa adui wa mgunga. Mche ukiungua si lazima ufe: unachipua tena shinani, kiangazi kijacho unaungua tena, unabaki kimo cha goti miaka nenda miaka rudi. Moto ulipopungua, miche mingi ikapata nafasi ya kuwa miti. Sindano imedungwa zizini, mti umeota hifadhini!

Najua kuna anayenung'unika huko nyuma: "Na tembo je, si wanavunja miti?" Wanavunja, tena sana. Nani kasema nyumbu anafanya kazi peke yake? Ninachokataa ni mtu kuusimamia mti na kuutafutia sababu palepale chini yake.

Mto Mara nao, haraka haraka. Kila mwaka nyumbu kwa maelfu wanazama pale wakivuka. Mnanitumia video, mnauliza kwa nini hawaokolewi. Waokolewe, halafu samaki, mamba na tumbusi wale nini? Mifupa yenyewe inaendelea kuachia fosforasi, kirutubisho cha viumbe, majini kwa miaka.

Nilikuwa na picha za tuta, yule mdudu anayeviringisha kinyesi, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali.