Kabla Hujalipia Nyumba, Muulize Mkewe

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za mchana. Mwenyekiti wa kikundi ameniomba nizungumzie hati, mirathi, mipaka na kodi, yote ndani ya nusu saa. Nitajitahidi, lakini mnaonifahamu mnajua nitaanzia wapi. Naanza na mke wa muuzaji.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja ofisini kwangu fundi magari mmoja, mtu mwaminifu, asiye na deni la mtu. Alikuwa amenunua nyumba Mbagala kwa shilingi milioni 38, akiba ya miaka kumi na moja na mkopo juu yake. Mkononi ana bahasha ya kaki. Nikautoa mkataba, nikausoma. Picha zipo, mashahidi wapo, muhuri wa serikali ya mtaa umekaa sawasawa. Chini kabisa pana dole gumba la mke wa muuzaji, kwamba ameridhia. Nikamuuliza, sasa tatizo nini? Akasema, "Wakili, amekuja mke mwingine. Amefika na begi na watoto wawili, anasema ile ni nyumba yake."

Huyo wa begi ndiye mke wa kweli. Alikwenda Songea kumuuguza mama yake, akakaa huko miezi minne. Aliyetia dole gumba ni dada wa muuzaji.

Nikamwambia fundi anisimulie siku aliyokwenda kuiona nyumba, asiruke kitu. Alikaribishwa vizuri, akaitwa shemeji, akaandaliwa chai ya tangawizi. Hapo akanyamaza. Kisha akasema, "Ila sukari ilitusumbua." Yule dada alifungua kabati la kwanza, hamna. Akafungua la pili. Akainama chini ya meza kufunua ndoo. Mwisho akamtuma mtoto wa jirani dukani. Fundi aliyaona yote hayo kwa macho yake, naye pesa ya kishika uchumba iko mfukoni, na hakuuliza kitu. Aliona haya. Utamuulizaje mama wa watu, mbele ya mumewe, kama kweli yeye ni mke?

Ndugu zangu, haya hiyo imeliza watu wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, ikaongeza jambo ambalo nimelisema mpaka sauti imenikauka: wajibu wa kuuliza kama mwenza ameridhia ni wa mnunuzi. Si wa dalali wala wa mwenyekiti wa mtaa. Ni wako wewe unayetoa pesa. Na hapa sikilizeni vizuri. Hata kama uliuliza, muuzaji akakudanganya kwa makusudi, mke ambaye hakuridhia bado ana haki ya kuomba mauzo yavunjwe. Ndiyo yaliyomkuta fundi wangu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilitengua mauzo, akaambiwa amdai muuzaji pesa zake. Muuzaji alikuwa ameshakimbilia machimboni, na machimbo gani hakuna aliyejua.

Mzee pale nyuma ameanza kutikisa kichwa, najua anachotaka kusema. Hati ina jina la mume peke yake, mke anatoka wapi? Mzee wangu, jina moja kwenye hati halimfuti mke aliyepika, aliyelima, aliyebeba maji ya kujengea ile nyumba. Mwingine ataniambia, huyu hajaoa, anaishi tu na mwanamke. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa: wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wanawajua kama mume na mke, sheria inawahesabu wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ana wake wawili? Waulize wote wawili. Muuzaji ni mwanamke? Muulize mumewe.

Kwa hiyo omba cheti cha ndoa, omba kitambulisho cha NIDA, linganisha sura. Nenda pale nyumbani zaidi ya mara moja, na mara moja nenda bila dalali. Nunua nyanya kwenye genge la jirani, uliza mama wa nyumba ile anaitwa nani na yuko wapi leo. Genge linajua. Ridhaa iandikwe, isainiwe mbele ya wakili, si sebuleni kwenye chai.

Naona naoneshwa saa. Haya, haraka. Mirathi: mtoto mkubwa hawezi kuuza nyumba ya marehemu kwa sababu tu ni mkubwa. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi, dai uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Hili lingetaka siku yake. Nyumba yenye hati, peleka maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki, uone kama ina rehani au zuio. Upekuzi ufanywe na wewe au wakili wako, usipokee karatasi ya dalali. Barabara: mnaikumbuka bomoabomoa ya Kimara mwaka 2017, kipimo kilikuwa mita 121.5 toka katikati ya Barabara ya Morogoro. Kaulizeni hifadhi ya barabara kabla, na ufukweni au kando ya mto kuna mita zake 60 za kutojenga. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza nyumba, ni ya muuzaji, andikeni hivyo kwenye mkataba, maana isipolipwa uhamisho wa hati unakwama.

Mama mwenye kitenge cha kijani, wewe uliyeniambia pale mlangoni kwamba unalipa Jumamosi. Jumamosi usilipe. Niletee Jumatatu namba ya hati na jina la mke wa muuzaji. Kama jina lake hulijui, leo jioni pitia pale mtaani ukaulize.