Ushindi baada ya arobaini: walivyopigana Foreman, Hopkins na wenzao

Assalaam aleikum. Wazee, shikamooni. Makocha, mabondia, na nyinyi vijana wa Ngamiani na Makorora mliojibana kule nyuma, karibuni.

Ukitaja ngumi hapa Tanga, jina la kwanza ni Hassan Mwakinyo, na usiku ule wa tarehe 8 Septemba 2018 alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham. Ule ulikuwa ushindi wa kijana: kasi, mikono mfululizo, hakuna kusubiri. Leo tunazungumzia ushindi wa aina nyingine. Ngumi za ridhaa zina ukomo wa miaka 40, kwa hiyo wote nitakaowataja ni wa ngumi za kulipwa.

Watu husema ng'ombe hazeeki maini. Ulingoni maini peke yake hayatoshi. Miguu ndiyo hutangulia kuchoka, kisha wepesi wa kuiona ngumi na kuikwepa, kisha uwezo wa kurudiwa na nguvu upesi baada ya kupigwa. Uzito wa ngumi hudumu, na kumsoma mpinzani huongezeka. Waliofanikiwa walijenga pambano zima juu ya hivyo viwili.

Chukueni George Foreman. Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas, ana miaka 45 na kilo 113. Mbele yake yuko Michael Moorer, miaka 26, kilo 101, mapambano 35 na hajapoteza hata moja, bingwa wa kwanza wa uzito wa juu anayepigana kwa kushoto. Kwa raundi tisa Moorer alimchapa. Majaji wawili walikuwa wameandika 88 kwa 83, wa tatu 86 kwa 85, zote za Moorer. Raundi ya kumi, dakika ya 2 na sekunde 3, Moorer akahesabiwa mpaka kumi.

Wapo wanaosema mzee alibahatika. Sikubaliani nao. Bondia wa kushoto akikutana na wa kulia, tazama miguu kwanza. Wa kushoto anatakiwa mguu wake wa mbele, yaani wa kulia, uwe nje ya mguu wa mbele wa mwenzake, halafu azungukie kulia kwake. Akifanya hivyo mkono mzito wa mpinzani unapita hewani. Akisimama mbele yake, ameupa njia iliyonyooka. Moorer alikuwa anaongoza, kwa hiyo akasimama. Foreman naye alikuwa akituma jebu, ile ngumi nyepesi ya mkono wa mbele, isiyo na haraka, si kwa kutafuta pointi bali kumzoesha Moorer kukaa pale pale. Kisha jebu nyingine, na nyuma yake mkono wa kulia mfupi, wa moja kwa moja, mpaka kidevuni.

Zingatieni neno mfupi. Kijana anaurudisha mkono nyuma kabla ya kuupeleka mbele, na anayemtazama anaiona ngumi mapema. Mkono wa Foreman uliondokea palepale ulipokuwa, kiwiko karibu na mbavu. Hauchoshi, na hautoi taarifa. Katika ulinzi pia, badala ya kukwepa kwa miguu, alizoea kuikunja mikono mbele ya uso na kifua, ngumi zikafia kwenye vigasha. (Waliokuwepo enzi za Kinshasa watacheka: kwenye kona yake safari hii alikuwepo Angelo Dundee, aliyekuwa kona ya Muhammad Ali mwaka 1974, Ali alipompiga Foreman huyu huyu kule Kinshasa.)

Ulinzi huo wa mikono ulikuwa ndio ufundi wa Archie Moore, bingwa wa zamani wa uzito wa juu mwepesi. Mwezi Desemba 1958, huko Montreal, Yvon Durelle alimwangusha Moore mara tatu katika raundi ya kwanza na mara moja katika ya tano. Moore akashinda kwa KO, yaani kumwangusha asiinuke, raundi ya 11. Alikuwa anakaribia miaka 42, au 45 ukimwamini mama yake.

Bernard Hopkins ni somo jingine. Yeye hakutegemea ngumi moja. Tarehe 21 Mei 2011, akiwa na miaka 46, alimshinda Jean Pascal kwa pointi, huko huko Montreal, akaivunja rekodi ya Foreman ya bingwa mzee kuliko wote. Miezi mitano kabla yake walitoka sare, na Hopkins alianguka mara mbili. Kazi yake ilikuwa kuvuruga mdundo: nusu hatua mbele, nusu hatua nyuma, mkono wa kulia unaotangulia bila jebu, kisha anamkumbatia mpinzani kabla hajajibu. Pascal alikuwa mtu wa kurusha kwa mafungu na kupumzika, na Hopkins alimpiga kwenye yale mapumziko. Si ngumi za kupendeza macho, nakiri, lakini zilimpa mkanda.

Manny Pacquiao, aliyemwangusha Keith Thurman raundi ya kwanza Julai 2019 akiwa na miaka 40, alishinda kwa kasi. Huyo msimuige.

Sasa makocha. Mkimpokea bondia wa umri huu, punguzeni sparingi, yaani kupigana na mwenzake mazoezini, ongezeni pedi anazoshika kocha ili zipigwe, na kazi ya kupima umbali wake na mpinzani. Akipigwa sana mazoezini, kidevu kinaisha kabla ya pambano. La pili, asikate kilo nyingi siku za mwisho. Hopkins alikaa karibu na uzito wake mwaka mzima. Anayenenepa halafu akajikausha kwa jasho anapanda ulingoni miguu haina kitu, na mwili uliokauka hustahimili vibaya ngumi za kichwa. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, mpimeni kabla na baada ya mazoezi. Mtu wa kilo 75 akipungua zaidi ya kilo moja na nusu, hakunywa maji ya kutosha. Sparingi ya kesho yake ifuteni.