Kilimia chetu na Kilimia cha wenzetu

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Nashukuru mmekuja, tena siku ya kazi, na kina mama naona mmejaa huku mbele, ahsanteni sana.

Nataka kuanza na gari. Subaru. Kila mtu hapa ashaiona, ile nembo yake ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Subaru ni neno la Kijapani, ndilo jina lao la lile kundi la nyota ambalo wazee wetu hapa pwani waliliita Kilimia. Yaani kila siku Kilimia chapita Digo Road hapa Mombasa mbele ya macho yetu na hatukijui.

Babu yangu alikuwa mvuvi. Shule hakwenda hata siku moja lakini akitoka nje usiku akiangalia juu ajua tuko wapi kwenye mwaka. Na alikuwa na msemo wake, wengine hapa mwaujua, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mimi nikidhani ni maneno ya wazee tu, nimekuja kuelewa nishakuwa mtu mzima. Mwisho wa Aprili hivi baada ya Maghribi Kilimia huwa kiko chini kabisa machweoni halafu chapotea, manake jua lenyewe lapita sehemu hiyo ya anga, hukioni tena zaidi ya mwezi mzima mpaka Juni kinapozuka alfajiri upande wa matlai, yaani mashariki, na mwezi huo kinapojificha ndio masika yenyewe. Kwa hivo mzee aangalia siku kinayozama hali ya hewa ikoje, apima na ya kuzukia itakuwaje, na mwenye shamba naye ajipanga, si hata jina limetokana na kulima. Kalenda na utabiri wa mvua ndani ya sentensi moja, mtoto mdogo aibeba kichwani na haipotei mpaka sisi wenyewe tuache kuisema.

Na tumeacha, hilo laniuma. Shuleni nilisoma majina ya nyota kwa Kiingereza, hakuna mwalimu hata mmoja aliyeniambia mtaani kwetu zina majina.

Sasa angalieni wenzetu. Waxhosa kule Afrika Kusini waita kundi hilohilo isiLimela, sikilizeni neno lenyewe, ni ndugu wa neno letu kabisa. Mwanamume wa Kixhosa alikuwa ahesabu miaka yake ya utu uzima tangu alipotoka jandoni kwa kuhesabu isiLimela imezuka mara ngapi. Waarabu waita Thurayya, na sisi tukawapa mabinti zetu jina hilo Thuraya, na ile taa kubwa ya kuning'inia msikitini yenye taa nyingi nyingi tukaiita thurea. Limekuja na majahazi likakaa nyumbani, mtu alitaja kila siku na haangalii juu.

Wamaori wa New Zealand wao waita Matariki. Ikizuka alfajiri katikati ya baridi yao ndio mwaka mpya, waamka usiku wapika chakula ili mvuke wake upande juu kwa nyota, na wataja majina ya watu wao waliokufa mwaka ule, mmoja mmoja. Mimi nilivyosikia hilo nilinyamaza kidogo, nikakumbuka hitima zetu. Na tangu 2022 Matariki ni sikukuu ya taifa zima, watu hawaendi kazini.

Lakini ile iliyonishika zaidi ni ya milima ya Andes, Peru na Bolivia. Wakulima wa viazi kule mwezi wa Juni wapanda mlimani kabla hakujapambazuka waangalie Kilimia. Kikiwa kinang'aa vizuri wapanda viazi wakati wake wa kawaida, kikiwa hafifu wachelewesha wiki kadhaa, wasema mvua itakuwa haba. Watu wakaona ni ushirikina. Mpaka mwaka 2000 wanasayansi wakatoa utafiti kwenye jarida la Nature, walikaa na rekodi za hali ya hewa wakakuta wakulima wana haki: mwaka wa El Nino kunakuwa na mawingu membamba juu sana, jicho haliyaoni lakini yafifisha nyota, na mwaka huohuo mvua kule zapungua. El Nino! Ileile iliyotugharikisha sisi 1997 barabara ya Nairobi ikakatika. Wao yawaletea ukame sisi yatuletea mafuriko, na mkulima asiye na kifaa chochote alikuwa aisoma miezi kabla.

Kuna ndugu aliniuliza mlangoni, hii si unajimu? Swali zuri. Kutazama nyota ujue bahati yako au nani amekuroga, hilo silitetei. Hii ni falaki, elimu ya mwendo wa jua na nyota, ndiyo manahodha walivukia bahari nayo, na ndiyo iliyotupa nyakati za swala.

Kwa hivo mimi nikisikia watu wasema tuthamini sanaa na hekima za mataifa halafu waleta picha za vinyago na ngoma za hoteli, nauliza, kazi yake ni ipi? Mwenyewe aitumia vipi? Nembo kwenye gari ni nzuri, lakini yule mkulima wa viazi ndiye wa kukaa naye chini.

Basi, huu ni mwezi wa tatu, Kilimia bado kiko juu jioni, upande wa Changamwe huko. Nimeomba taa za uwanjani zizimwe dakika kumi. Wazee tokeni kwanza, watoto washikeni mikono. Babu alikuwa aniambia nihesabu sita, sasa nataka kujua nyinyi mtahesabu ngapi.