Wati 450 za Mama Makorora

MWANAIDI: Haya, tupo. Bakari, mbona pua imebabuka?

BAKARI: Jumamosi nimeshinda juu ya bati, dada. Kwa mama, Makorora, hapa Tanga. Tumefunga paneli ya sola ya wati 450. Saa sita, jua la utosi, fundi anasoma kipimo: 370. Mama yuko chini, anauliza, "Hizo 80 nyingine kala nani?"

MWANAIDI: (Anacheka) Mwembe!

BAKARI: Saa sita kivuli cha mwembe wa uani hakijafika. Ni joto. Zile 450 hupimwa paneli ikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati mchana inafika 60. Kila nyuzi ikizidi, inapungua kama asilimia 0.4.

MWANAIDI: Nyuzi 35... asilimia 14. Zinazobaki vumbi.

BAKARI: Vumbi na chumvi ya bahari. Sasa kwa siku: Tanga tunahesabu kama saa 5 za jua kamili, yaani jua la kutwa ukilikusanya liwe kali kama la kipimo, wastani wa mwaka. Mara 450 ni uniti 2.25. Toa robo inayopotea kwa joto, uchafu na nyaya, inabaki kama 1.7. Masika, Aprili na Mei, hata hiyo huipati.

MWANAIDI: Halafu saa tisa mwembe unaanza kula.

BAKARI: Umeshaanza!

MWANAIDI: Seli, vile vipande vya paneli, zimeungwa mfululizo, kaka. Tawi likifunika kona moja tu, theluthi ya paneli inaweza kuzimika. Kata.

BAKARI: Mwembe wa marehemu baba? Tena ndio unaotia kivuli chumba cha mama. Ukiukata, jioni bati linawaka, anawasha feni. Ulichovuna juu unakila chini.

MWANAIDI: Feni haizidi wati 70!

BAKARI: Na kivuli chenyewe hakinyang'anyi hata robo uniti kwa siku. Embe je, zina uniti ngapi?

MWANAIDI: Embe zile? Nyuzi tupu, unachokonoa meno hadi Ijumaa.

BAKARI: Za achari hizo! Achari ya mama umeila wewe, na bakuli hujarudisha.

MWANAIDI: Tusihamishe mada. Msikilizaji wa Pangani anasema paneli ihamie mteremko wa kusini wa paa, iukimbie mwembe.

BAKARI: Ana hoja. Tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Wanasema elekeza kaskazini, lakini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana liko kusini yetu. Paa likilala, tofauti ni ndogo. Ila bati la upande ule limeliwa na kutu, misumari unaing'oa kwa vidole.

MWANAIDI: Basi shika panga.

BAKARI: Sikati.

MWANAIDI: Hata tawi moja?

BAKARI: Tawi lenyewe ndilo kivuli cha dirisha!

MWANAIDI: Unalinda achari, hulindi mama. Jamani, dakika mbili zimebaki. Tuliahidi mambo ya kukagua kabla hujanunua betri.

BAKARI: Wiki ijayo.

MWANAIDI: Na inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani?

BAKARI: Nayo.

MWANAIDI: Utakuwa umeshakata?

BAKARI: Mpigie mama umwambie mwenyewe.