Sophie Germain, binti aliyesoma hesabu bila mtu wa kumsahihishia daftari

Haya jamani tukae, mliosimama huko nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Leo nawaletea habari za Sophie Germain, Mfaransa, alizaliwa Paris tarehe 1 Aprili 1776, baba yake mfanyabiashara wa hariri, mtu mwenye hela zake. Nimekaa na habari zake muda mrefu na kuna kitu kimoja kinaniuma nitakisema wazi, huyu dada akili alikuwa nayo tele ila alinyimwa mtu wa kumwambia hapa umekosea, rudia.

1789 Mapinduzi ya Ufaransa yanaanza, Paris inawaka moto, Sophie ana miaka 13 na nje hapatokeki, basi anajifungia kwenye maktaba ya baba yake. Humo anakuta kitabu cha historia ya hisabati, anasoma jinsi Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, alivyouawa na askari wa Kirumi kwa vile alikuwa amezama kwenye michoro yake hata kujibu hajibu. Mtoto akajiuliza, hivi hiki kitu kina utamu gani mpaka mtu anasahau roho yake? Akaanza. Wazazi hawakutaka kabisa, hesabu siyo mambo ya mtoto wa kike, wakawa usiku wanamnyang'anya mishumaa, wanamzimia moto chumbani na nguo za baridi wanaficha, na yeye anasubiri walale halafu anajifunga mablanketi anawasha mshumaa aliouficha anaendelea, asubuhi wanamkuta kasinzia mezani na wino umeganda kwa baridi. Mwishowe wakamwacha, na hela za baba yake ndizo zilizomlisha maana hakuolewa wala hakupata kazi.

Sasa 1794 inafunguliwa École Polytechnique, chuo kikubwa, ila wanawake hawaingii. Sophie akatafuta notisi za masomo, akawa anatuma kazi kwa Lagrange, mwalimu wa hesabu wa chuo hicho, kwa jina la mwanafunzi wa kiume, Bwana LeBlanc. Lagrange akaona huyu kijana si wa kawaida, akataka kumwona, ikajulikana kuwa ni mwanamke. Jina hilohilo akalitumia tena 1804 kumwandikia Gauss, mwanahisabati mkubwa kule Ujerumani. Halafu 1806 jeshi la Napoleon linaingia Ujerumani, Sophie akakumbuka kifo cha Archimedes, akamwandikia jenerali mmoja rafiki wa familia yao, tafadhali mlinde Gauss. Ofisa akatumwa mpaka kwake, Gauss anashangaa, Sophie Germain? simjui mimi! Ndipo 1807 ikabidi Sophie ajitaje kwamba LeBlanc ni yeye. Na Gauss akamjibu vizuri sana, kwamba mwanamke akivuka vikwazo vyote hivyo basi ana ujasiri na kipaji cha hali ya juu.

Kazi yake yenyewe sasa. Chukua namba tasa, zidisha kwa 2, ongeza 1, je unapata tasa tena? 3 inakupa 7, sawa. 5 inakupa 11, sawa. 7 inakupa 15, imekataa. 11 inakupa 23. Hizo zinazokubali, yaani 3, 5, 11, mpaka leo zinaitwa namba tasa za Sophie Germain. Kuna lile swali la Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, kwamba ukiwa na kipeo kikubwa kuliko 2 hupati namba nzima tatu zisizo sifuri ambazo mbili za kwanza, kila moja ikipandishwa kwa kipeo hicho, zikijumlishwa zinatoa ya tatu iliyopandishwa kwa kipeo hichohicho. Watu walikuwa wanapambana na kipeo kimoja kimoja, huyu dada akaonyesha kwa mpigo kwamba kipeo kikiwa yoyote kati ya zile namba zake, kama jibu lingekuwepo, basi moja ya zile namba tatu lazima igawanyike kwa kipeo chenyewe. Kwa kweli hiyo ni hatua kubwa mno, na swali zima lilikuja kufungwa na mwanahisabati Andrew Wiles miaka ya 1990.

Halafu mabamba. Chladni, Mjerumani mtaalamu wa sauti, alifika Paris 1808, anamwaga mchanga juu ya bamba, anapitisha upinde wa fidla pembeni, bamba linatetemeka na mchanga unajipanga maua maua. Ikatangazwa zawadi kwa atakayeeleza mtetemo huo kwa hesabu. 1811 Sophie peke yake ndiye aliyepeleka kazi, na ilikuwa na makosa, kwa sababu kalkulasi, hesabu ya vitu vinavyobadilika, hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamfundisha, Lagrange ndiye akarekebisha mlinganyo. 1813 akarudia, akapewa sifa tu. 1816 akarudia mara ya tatu akashinda, na kwenye sherehe hakwenda. Miaka mitano jamani, kwa makosa ambayo mwalimu angeyaona siku ya kwanza!

Kwenye vikao vya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa alikuja kukaa miaka ya 1820, mwanahisabati Fourier alipomsaidia kupata kiti. Umri umeshakwenda. Kansa ya matiti ikamshika, akafariki 27 Juni 1831 akiwa na miaka 55, na mwaka huohuo makala yake kuhusu jinsi nyuso za maumbo zinavyopinda ilitoka kwenye jarida la hesabu la Ujerumani, juu pameandikwa jina lake mwenyewe, Sophie Germain.