Gobori la Fataki: Usome Mtutu Kabla ya Mtambo

ZAITUNI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kampala, Jinja, Arua na popote mnapotusikia. Leo ni zamu ya bunduki za kushindilia za karne ya 19, zile zinazowashwa kwa fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Bado zimo kwenye nyumba za koo, zimeegemezwa pembeni au zimefungwa magunia, na mwenye nyumba anataka kujua ana kitu gani. Kaka Juma, aanzie wapi?

JUMA: Ahakikishe kwanza haina kitu ndani. Magobori mengi yaliwekwa yakiwa yameshindiliwa, na baruti nyeusi iliyokaa miaka mia bado huwaka ikiwa kavu. Atazame chuchu, kile kichwa kidogo kinachovalishwa fataki. Akikuta fataki ya shaba ingali juu yake, asiibandue kwa bisibisi wala kuigusa nyundo. Kilichomo ni kemikali inayolipuka kwa kugongwa, na uzee hauifanyi kuwa salama. Aiache hapo ilipo, watu wasipite mbele ya mdomo wake, awaite polisi.

ZAITUNI: Na chuchu ikiwa tupu?

JUMA: Bado hajamaliza. Atafute ufito wa mbao ulionyooka, si wa chuma, maana chuma huweza kutoa cheche. Asimame kando, auingize taratibu mpaka ugote. Atie alama kwenye ufito usawa wa mdomo wa mtutu, autoe, kisha aulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae pale pale mdomoni. Ncha yake ifike karibu na chuchu. Ikipungua dhahiri, ahesabu kwamba kuna baruti na risasi. Huenda ni kutu au kiota cha nyigu tu, lakini hilo si la kubahatisha. Kuitoa ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni. Na mtu asijaribu kuilegeza chuchu kwa moto, hata kidogo.

ZAITUNI: Hapo niongeze la sheria. Uganda ina Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970. Uzee wa bunduki usiuchukulie kuwa kibali. Uliza kituo cha polisi kabla ya kuihamisha au kuiuza. Haya, tuseme imethibitika ni tupu. Watu huona taji na neno TOWER kwenye bamba la mtambo, kile kifaa cha ubavuni kinachoiendesha nyundo, pamoja na mwaka, wakaona kazi imekwisha.

JUMA: Ndipo wanapopotea. Chukua Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza: bamba la mtambo wake limeshikwa na skrubu mbili tu. Mtambo ukiharibika, unafungwa mwingine, na bunduki inaendelea na maisha. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa pale ni mwaka wa bamba. Mtutu ndio usomwe kwanza.

ZAITUNI: Usomwe wapi?

JUMA: Karibu na chuchu, upande wa kushoto, na chini yake ukiweza kuutoa kwenye mti. Tafuta mihuri ya majaribio, yaani alama zilizopigwa mtutu ulipojaribiwa na kufaulu. Nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa 1813, ilipiga fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji. London ilipiga GP na V, kila moja na taji lake. Liège ya Ubelgiji, iliyouza bunduki nyingi Afrika, ilipiga ELG na nyota ndani ya duara refu. Taji juu ya duara hilo liliongezwa 1893, kwa hiyo duara lisilo na taji ni la kabla ya hapo.

ZAITUNI: Na zile namba, 24 au 25?

JUMA: Ni hesabu ya risasi za mviringo zinazopatikana katika ratili moja ya madini ya risasi. 24 ni kama milimita 14.7, na 25 ni kama 14.5. Hapo uko kwenye ukoo wa Enfield ya 1853, yenye tundu la inchi 0.577. Bunduki kamili ya ukoo huo ina mtutu wa inchi 39, yaani sentimita 99, na pete tatu za chuma zinazoushika mtutu kwenye mti. Yenye pete mbili ina mtutu wa inchi 33. Ukiona WD na mshale mpana, ilikuwa mali ya jeshi la Uingereza. Taji lisilo na VR, herufi za Malkia Victoria, kwenye mtambo, pamoja na mihuri ya kiraia, ni dalili ya bunduki ya biashara.

ZAITUNI: Mtutu unaweza pia kufupishwa. Msumeno wa fundi wa kijijini haukuogopa Enfield.

JUMA: Ndiyo sababu upime msokoto wa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Enfield ya pete tatu ina mifereji 3 inayozunguka mara moja kila inchi 78. Funga kitambaa kibane kwenye mdeki, ufito wa kusukuma ndani ya mtutu, unaozunguka kwa uhuru kwenye mpini, tia alama, uusukume hadi mwisho. Katika inchi 39 mdeki utazunguka nusu tu. Usipozunguka kabisa, pengine tundu ni laini. Basi pima upana wake. Ukipata kama inchi 0.656 na umbo lote ni la Enfield, fikiria zile walizopewa askari wa Kihindi baada ya maasi ya 1857.

ZAITUNI: Kuna familia hudai kwamba yao ndiyo aliyopewa Kabaka Muteesa.

JUMA: Dai hilo lina kipimo. Speke, msafiri Mwingereza aliyemtembelea Muteesa mwaka 1862, aliorodhesha zawadi zake: bunduki ya Whitworth, karabini tatu na hata sanduku la fataki. Whitworth alijulikana kwa tundu la pembe sita, inchi 0.451, linalozunguka kila inchi 20. Tochi ndani ya mtutu itajibu haraka. Tundu likiwa la mviringo, si ile Whitworth.

ZAITUNI: Na gumegume, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe? Watu hudhani lazima iwe kongwe kuliko ya fataki.

JUMA: Si lazima. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, ukaacha mlango kwa gumegume zenye mtutu laini. Kwa hiyo gumegume ya Afrika yaweza kuwa changa kuliko Enfield. Nyingine zilianza gumegume zikageuzwa kuwa za fataki. Hizo utazijua kwa matundu yaliyozibwa kwenye bamba, pale sahani ya baruti ilipokaa, na kichuma cha duara kilichopigwa ubavuni mwa mtutu kubeba chuchu.

ZAITUNI: Za bandia je?

JUMA: Nakala za Italia zina mihuri yao ya kisasa, na nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba zitumie baruti nyeusi tu. Bomba la maji lililogeuzwa mtutu huonyesha mshono ndani na halina muhuri wowote. Pia angalia kutu inavyoelekea: bunduki ya kweli huliwa zaidi kuzunguka chuchu, kwa sababu fataki za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu. Kutu iliyosambaa sawasawa kila mahali inanitia shaka.

ZAITUNI: Kitako nacho?

JUMA: Mti wa Enfield ni wa mwalnati. Tafuta nyufa kwenye shingo na nyuma ya mtambo, matundu ya dumuzi na njia za mchwa. Vuta nyundo polepole: ishike kituo cha kwanza, kisha cha pili. Kituo cha kwanza kikiachia ukibonya kifyatulio, thamani ishuke sana. Na usiiachie nyundo igonge chuchu tupu, huibonda.

ZAITUNI: Kabla hawajaenda kuuliza thamani, waisafishe?

JUMA: Hapana, nawasihi. Msasa na dawa ya kung'arisha shaba hufuta mihuri ile ile tunayoitafuta, na weusi wa zamani haurudi. Kitambaa chenye mafuta mepesi kwenye chuma, nta kidogo kwenye mti, basi. Karibu na Ziwa Victoria unyevu ni mwingi, usiiache ndani ya gunia. Na kwa mtaalamu, au Makumbusho ya Uganda pale Kitante, peleka picha: ubavu wote, bamba la mtambo, mihuri ya mtutu kwa karibu, mdomo wa mtutu kwa mbele, kila moja na rula kando yake.