Mama wa Majivu

Tumsifu Yesu Kristo! Mbukwenyi!

Baba Paroko, Sista Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu, na ninyi wanafunzi mliopangwa nyuma kule jua linakochoma. Nimeambiwa nizungumze juu ya familia na makocha walioilea shule hii. Nimesoma hapa, nimecheza netiboli hapa, na leo ni mwalimu kwingine, kwa hiyo nitaongea kama mtu wa nyumbani. Nikipitiliza, Sista anigongee kengele.

Asubuhi nilisimama mbele ya lile bamba la marumaru pale utawala. Limeandikwa nani alibariki jiwe la msingi na nani alitoa mabati. Haki yao kabisa. Ila nililisoma mara mbili nikimtafuta mtu mmoja, nikamkosa. Nilikuwa namtafuta mama wa majivu.

Niwaeleze wasiomjua. Kiwanja chetu ni vumbi tupu, na upepo wa Dodoma mnaufahamu: mstari unauchora saa nane, saa kumi huuoni. Chokaa ni ya kununua, na hela haikuwepo. Kocha wetu akaanza kuzunguka nyumba za jirani na debe, anaomba majivu ya jikoni. Huyu anatoa kikombe, yule sahani. Mama mmoja tu ndiye aliyekuwa anatoa debe zima kila Ijumaa, majivu meupe, ameshayachekecha. Alikuwa anapika pombe ya mtama, moto wake hauzimiki siku mbili. Basi kiwanja cha shule ya masista kikawa kinachorwa kwa majivu ya kilabuni. Sista Mkuu wa wakati ule, Mungu ampumzishe, alijua, akanyamaza. Namwona Baba Paroko anacheka. Cheka tu Baba, yameshapita.

Kocha mwenyewe aliajiriwa kufundisha jiografia. Ukocha alijitwika. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, na kila fundo lina kazi yake: mita 30.5 urefu wa kiwanja, mita 15.25 upana, mita 4.9 la kuchorea nusu duara la goli. Mmoja wetu anakanyaga ncha ya kamba kwa kisigino, yeye anazunguka ameinama, majivu yanamwagika kidogokidogo kupitia tundu la kopo la maziwa. Akimaliza anarudi nyuma hatua kumi, anaangalia, na kama duara limepinda analifuta kwa mguu na kuanza upya. Sisi tulikuwa tunamwona anatuchelewesha. Leo nikisahihisha daftari la mwanafunzi aliyechora ramani ovyoovyo, namkumbuka yule mzee na mguu wake.

Mipira yetu ilishonwa na baba wa mwenzetu, fundi viatu pale soko la Majengo. Hakuwa na ada ya kulipa kwa wakati, akasema nileteeni mipira. Ilikuwa na viraka kama suruali ya mchunga ng'ombe, na ikidunda upande wa kiraka inakwenda inakotaka yenyewe. Tulijifunza kudaka kwa shida hiyo.

Kuna wanaosema michezo inapoteza muda wa masomo. Mtakatifu Yohane Bosco, kule Turin karne ya 19, aliwapata vijana wa mitaani kwa michezo na katekisimu kwa pamoja, na watawa wake Wasalesiani tunao hapa hapa Dodoma na chuo chao cha ufundi. Sitaongeza neno hapo.

Sasa familia, na nianze na ya kwangu. Marehemu baba, mtu wa Bahi, alisema binti yake hatakimbia na sketi fupi mbele ya wanaume. Kocha akaja nyumbani. Mara ya kwanza alipewa kigoda nje, akaambiwa mzee ameenda machungani, na huku mzee anakohoa ndani. Mara ya pili alipewa uji, mazungumzo yakawa ya mvua. Mara ya tatu alikuja na mke wake. Yule mama hakutaja netiboli hata mara moja. Alikaa na mama yangu uani, wakabangua karanga mpaka jua likazama. Sijui walisemezana nini. Jumatatu yake mama alinikabidhi kaptura aliyoishona mwenyewe, inafika magotini, ya kuvaa ndani ya sketi. Wenzangu walicheka wiki moja. Muhula uliofuata timu nzima ilikuwa nazo, na wasichana wanne ambao baba zao walikataa wakaruhusiwa kucheza. Kwa hiyo tunapotaja makocha wa shule hii, mke wa kocha ahesabiwe, na mama yangu naye.

Mwaka tulipofuzu kwenda mkoani kwenye UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ofisi moja ilituahidi gari. Tulikaa getini mpaka adhuhuri. Baba huyuhuyu aliyekataa sketi ndiye aliyekwenda kumwamsha jirani yake mwenye lori la mpunga. Tulifika na pumba kichwani, tukafungwa mechi ya kwanza.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, uliwaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Maneno hayo huwa nayasikia kwenye mahafali, na mara nyingi yakishasomwa yanafuata matangazo ya michango. Lakini mkiyachukua kwa uzito wake, basi shule ndiyo msaidizi, na si sawa msaidizi abaki peke yake kwenye marumaru.

Jimbo letu liliundwa mwaka 1953 na likawa jimbo kuu mwaka 2014, na rejista za ubatizo zinatunzwa kwa uangalifu hata ukitaka jina la babu yako. Mbona hatuna daftari la waliobeba shule mgongoni? Vyeti na vitenge tutagawa leo, vizuri. Mimi naomba wanafunzi wa kidato cha tatu wapewe daftari kubwa, waende nyumba kwa nyumba, waandike: nani alileta nini, lini, na alikipata wapi. Na waandike pombe, wasiandike "shughuli ndogondogo". Waanze na wazee, maana tumeshachelewa kwa wengine.

Saa kumi kuna mechi. Jana jioni wanafunzi wamechora kiwanja kwa chokaa, isipokuwa mstari mmoja. Mama, wewe uliyekaa hapo mstari wa tatu umejifunika kanga usoni, debe lako ulilolisahau liko kwa matroni. Ulipitie kabla hujaondoka.